Uhuru Iliyoruka Kutoka Bahari ya Ngomeni



Ndugu msomaji, bila shaka na wewe ulikuwa miongoni mwa waliotoka nje jioni ya mwandamo. Ulisimama ufuoni, uwanjani au juu ya ghorofa, ukakodoa macho upande wa magharibi kuutafuta mwezi. Wengine waliuona, wengine hawakuuona, na kama kawaida yetu mabishano yakaanza. Lakini hebu kumbuka jambo moja. Kwa dakika zile chache mji mzima ulikuwa unatazama juu: mzee na mkongojo wake, mtoto juu ya mabega ya babake, hata mama aliyeacha sufuria jikoni akaja mlangoni. Kisha tukainamisha vichwa, tukarudi kwenye shughuli zetu mpaka mwandamo wa Idd.

Leo nakuomba usiinamishe kichwa bado. Nataka kukusimulia habari ya chombo kilichoruka kutoka bahari yetu hii ya Pwani, kikiwa na jina la Kiswahili, kikaenda kufungua mlango ambao haukuwahi kufunguliwa katika elimu ya mbingu. Vitabu vya fizikia duniani kote vinakitaja. Sisi wenye bahari na wenye lugha, wengi wetu hatukijui. Na mimi nilikuwa miongoni mwa wasiojua, sioni haya kusema.

KISA CHA BABU

Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tulipokuwa wadogo, usiku baada ya tarawehe, alikuwa akituketisha kwenye mkeka na kutusimulia. Kisa kimoja alikirudia kila mwaka: siku alipouona mshale wa moto ukitoka baharini na kupanda mbinguni.

"Ilikuwa Mfunguo Mosi," alikuwa akisema, "Idd imepita juzi tu, na siku yenyewe ni sikukuu ya Jamhuri, baada ya Adhuhuri. Tumeambiwa vyombo visikaribie kule kwa Wataliani, kuna hatari. Mara tukasikia ngurumo, na mbingu ni nyeupe haina hata wingu."

Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka. Tulidhani ni kisa kama vile vya majini na Abunuwasi. Ndugu yangu mmoja alimuuliza, "Sasa babu, ule mshale ulikwenda wapi?" Babu akajibu kwa utulivu, "Ulikwenda kutafuta. Walitafuta nini, hawakutwambia, wala sisi hatukuuliza."

Babu alifariki nikiwa kidato cha tatu, Allah amrehemu. Miaka michache baadaye, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, mhadhiri wetu wa fizikia aliingia darasani akaandika neno moja ubaoni: UHURU. Nilifikiri leo tumeletewa siasa. Kumbe ni jina la satelaiti, na somo lilikuwa mashimo meusi. Akasema ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka karibu na Malindi. Wallahi nilihisi mwili unasisimka. Nilipotoka darasani nikapiga hesabu ya kalenda. Tarehe ile iliangukia Jumamosi, na Idd-ul-Fitr ya mwaka ule, 1390 Hijria, ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Kwa hivyo ni Mfunguo Mosi kweli, na ni Jamhuri kweli. Babu hakuwa akitutungia.

Lile swali lake, "walitafuta nini?", ndilo nililolibeba tangu siku hiyo. Na jawabu lake ndilo hili ninalokuletea.

WATALIANI WALIFUATA NINI NGOMENI?

Habari inaanza na Mtaliani mmoja, Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Katika miaka ya 1960 nchi yake ilitaka kurusha satelaiti zake, kwa kushirikiana na shirika la anga la Marekani, NASA. Broglio alitafuta mahali palipo karibu na Ikweta, penye bahari wazi upande wa mashariki. Mahali hapo akapaona katika ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni. Yakasimamishwa majukwaa mawili baharini kwa miguu ya chuma, San Marco na Santa Rita. Roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, na Santa Rita ndipo walipokaa waongozaji. Satelaiti ya kwanza ilirushwa hapo Aprili 1967, na ya mwisho Machi 1988. Kwa jumla zilikuwa 9.

Kwa nini Ikweta? Dunia inajizungusha yenyewe kuelekea mashariki, na hapa kwetu kwenye Ikweta mzunguko huo una kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo huo bure, kama mtu anayerukia mbele kutoka kwenye gari linalokwenda. Sababu ya pili ni kwamba satelaiti inayozunguka juu ya Ikweta huepuka maeneo ya angani yenye chembechembe nyingi za umeme, ambazo huvuruga vipimo. Kwa kazi ambayo Uhuru ilikuwa inaiendea, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kwa ufupi, mahali alipotuweka Mwenyezi Mungu katika ramani ya dunia ni rasilimali. Wageni waliiona kabla yetu.

WALITAFUTA MWEZI, WAKAKUTA KINGINE

Sasa, kazi yenyewe ilikuwa nini? Unaijua picha ya eksirei ya hospitali, ile wanayokupiga ukivunjika mkono. Miale ile hupita kwenye nyama na kuonyesha mfupa. Basi miale hiyo hiyo hutoka pia angani, kutoka mahali penye joto la mamilioni ya digrii. Lakini hewa inayoizunguka dunia yetu huizuia, na ni rehema kwetu, kwa maana ingetudhuru. Kwa mtu anayetaka kuichunguza, hewa hiyo ni kama pazia zito. Lazima upande juu ya pazia.

Mwanzoni walitumia roketi ndogo ambazo hupanda, hutazama kwa dakika chache tu, kisha huanguka. Juni 1962 huko Marekani, kikundi cha Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyezaliwa Genoa, Italia, mwaka 1931, kilirusha roketi ya namna hiyo. Na unajua walikuwa wakitafuta nini? Mwezi! Walitaka kujua kama mwezi unatoa miale ya eksirei baada ya kupigwa na ile inayotoka kwenye jua. Mwezi hawakuupata katika vipimo vyao. Badala yake wakakuta chanzo kikali sana kutoka upande wa kundinyota la Nge, ambalo wazee wetu wa falaki huliita Akrabu. Hakuna aliyetarajia.

Tangu hapo ikawa mbio. Mwaka 1964 roketi ya kikundi kingine cha Wamarekani ikagundua chanzo kingine, kikapewa jina Cygnus X-1. Lakini ni mambo gani utayajua kwa dakika tano za kutazama? Ni kama mtu anayechungulia chumba kwa tundu la ufunguo kisha anavutwa nyuma. Giacconi na wenzake wakaona dawa ni moja: satelaiti itakayokaa huko juu, itazame usiku na mchana.

Ndiyo hiyo iliyobebwa mpaka Ngomeni. Ilikuwa ndogo, uzito wake kama kilo 140. Haikuwa na kamera kama tunazozijua. Ilikuwa na vihesabio vya miale vilivyotazama pande mbili, na ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa kama dakika 12, ikipangusa anga kama mnara wa taa unavyopangusa bahari. Jina lake la ofisini lilikuwa herufi tu, SAS-A. Aliyesimamia mradi upande wa NASA alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa kuwa siku ya kuirusha ilikuwa siku ya kutimiza miaka 7 ya uhuru wa Kenya, na kwa kuwashukuru wenyeji kwa ukarimu wao, wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya mbinguni peke yake. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973. Kabla yake vyanzo vilivyojulikana vilikuwa makumi machache. Orodha ya mwisho ya Uhuru ina vyanzo 339.

"AMIN" YA GHAFLA

Katika vyote 339, kimoja ndicho kilichotingisha wataalamu: kile kile Cygnus X-1. Uhuru iliona kuwa mwanga wake wa eksirei unapepesa bila mpango, unapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Pengine utasema, sasa hapo kuna ajabu gani? Ngoja nikueleze kwa mfano wa kwetu.

Fikiria uko nje ya msikiti mdogo wa mtaani, huoni ndani. Imamu anamaliza Faatiha na watu wanaitikia "Amin". Inasikika mara moja, fupi, imekatika. Sasa fikiria swala ya Idd katika uwanja mkubwa usio na vipaza sauti. Safu za mbele zinaitikia, za kati zinafuatia, za nyuma zinamalizia, na "Amin" inakuwa ndefu kama wimbi. Kwa hiyo hata kama umefumba macho, ukisikia "Amin" fupi iliyokatika ghafla, utajua jamaa ni ndogo. Sauti haikuhitaji muda kupita kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Nuru nayo ina kasi yake, kama kilomita 300,000 kwa sekunde, na hakuna kinachoipita. Kitu kinachopepesa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa na upana zaidi ya kilomita 30,000 hivi. Jua letu lina upana wa karibu kilomita milioni 1.4. Kumbe kitu hiki kinachong'aa kwa nguvu namna ile ni kidogo mno kulinganisha na nyota.

Hapo kazi ikapokewa na wengine. Mwaka 1971 wataalamu wa mawimbi ya redio huko Uholanzi na Marekani waliona mahali hasa kinapotoka, na darubini za kawaida zikaelekezwa hapo. Palikuwa na nyota kubwa ya samawati, katika orodha inaitwa HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, Kanada, kila upande kivyake, wakagundua kwamba nyota ile inayumba. Inazungushwa mara moja kila siku 5.6 na mwenzake asiyeonekana. Matokeo yao yalitoka mwanzoni mwa mwaka 1972.

Ukimuona mtu mzima mwenye mwili wake anazungushwa gizani, na huyo aliyemshika mkono humuoni, utajua angalau kuwa aliyemshika ni mzito. Walipopima wakaona mwenzake yule ni mzito mno. Nyota iliyokufa na kushindiliwa inaitwa nyota ya nyutroni, na mwisho wa uzito wake ni kama mara tatu ya uzito wa jua. Ukipita hapo, hakuna nguvu inayojulikana ya kuizuia isijiangukie ndani. Kitu kidogo, chenye giza, kizito kuliko kiwango hicho: hilo ndilo shimo jeusi. Mvutano wake ni mkubwa kiasi kwamba hata nuru ikiingia haitoki. Eksirei iliyoonwa na Uhuru haikutoka ndani ya shimo. Ilitoka kwenye gesi inayonyonywa kutoka ile nyota kubwa, inayozunguka na kuchemka kabla ya kumezwa.

Tangu Einstein atoe nadharia yake ya mvutano mwaka 1915, mashimo meusi yalikuwa hesabu za kwenye karatasi, na wakubwa wengi wa sayansi hawakuamini kuwa yapo kweli. Hata baada ya Uhuru ubishi uliendelea. Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne katika miaka ya 1970 kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, na mwaka 1990 akakubali kuwa ameshindwa. (Dau kwetu ni haramu, jamani. Chukueni elimu, muache kamari!)

Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vinasema shimo hilo lina uzito wa jua letu mara 21 hivi, na liko umbali wa miaka ya nuru kama 7,200. Na upana wake? Hauzidi kilomita 125. Yaani majua 21 yameshindiliwa katika nafasi isiyozidi safari ya matatu kutoka Mombasa hadi Malindi. Subhanallah.

Na bahari yetu haikuishia hapo. Kutoka jukwaa lile lile zilirushwa SAS-2 mwaka 1972, Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974, na SAS-3 mwaka 1975, zote za kuchunguza mbingu. Ariel 5 ndiyo iliyogundua mwaka 1975 chanzo kingine, A0620-00, ambacho baadaye kilithibitika kuwa nacho kina shimo jeusi. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kuanzisha elimu hii. Na mwaka 2019 dunia nzima iliona picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, lenye uzito wa majua bilioni 6.5. Vijana wengi tuliisambaza ile picha kwenye simu zetu. Ni wangapi tulijua kwamba safari ya kuelekea picha ile ilipitia Ngomeni?

MKIA WA KUKU

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu kuna jambo lililonikosesha usingizi.

Kundinyota la Cygnus, Wazungu huliona kama batamaji anayeruka. Nyota yake inayong'aa kuliko zote wanaiita Deneb. Mwanafunzi yeyote wa madrasa akilisikia neno hilo vizuri atatabasamu, kwa maana ni Kiarabu: dhanab, yaani mkia. Jina kamili ni dhanab al-dajaja, mkia wa kuku. Na nyota ya katikati inaitwa Sadr, kifua. Waarabu hawakuona batamaji, waliona kuku. Mwanafalaki Abd al-Rahman al-Sufi, aliyefanya kazi Uajemi, aliandika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Alizipitia nyota za makundi 48 moja baada ya moja, akapima kwa macho yake mng'ao wa kila nyota, akasahihisha pale alipoona waliomtangulia wamekosea. Ndani yake yuko na huyo kuku.

Kwa hivyo lile shimo jeusi la kwanza liko ndani ya kuku wa al-Sufi, na satelaiti iliyofungua njia ya kulijua ina jina la Kiswahili. Unaweza kujisifu ukitaka. Mimi nilijisifu siku mbili, siku ya tatu nikajiuliza: je, majina haya mawili yamepatikana kwa njia moja?

Hapana. Jina Deneb lilibaki kwa sababu waliolitumia walifanya kazi. Wengine walipotaka kujua nyota iko wapi, iliwabidi wafungue vitabu vya Kiarabu, wafasiri, na jina likaja pamoja na elimu. Jina Uhuru tulipewa na wageni kama shukrani. Ni heshima nzuri na mimi naipenda. Lakini takwimu za Uhuru zilichambuliwa Massachusetts, na majina yaliyo juu ya karatasi zile za utafiti si yetu. Sisi tulitoa bahari, mahali pazuri na neno zuri. Babu yangu aliambiwa asogeze chombo chake kwa usalama wake, basi. Hakuna aliyemueleza wanatafuta nini, na yeye mwenyewe anakiri hakuuliza.

Silaumu mtu. Nchi ilikuwa na miaka 7 tu, watoto wengi hata shule hawakuwa nayo. Lakini leo je?

Wako ndugu ambao tukifika hapa hukimbilia kusema kwamba haya yote yalikwisha tajwa katika Qur'ani, kwa hivyo hatuna haja ya kushangaa. Kutafsiri aya ni kazi ya maulamaa, mimi ni mwanafunzi wa fizikia na sitaingia huko. Ninalolijua ni kuwa tumehimizwa kutafakari uumbaji wa mbingu na ardhi, na al-Sufi alipohimizwa hakukaa akasubiri mwingine agundue ndipo aseme "hilo letu". Alitoka usiku akatazama.

MAJINA MENGINE MAWILI, NA LA TATU

Kuna habari ya karibuni inayotia moyo. Tangu mwaka 1995, Waswisi wawili Michel Mayor na Didier Queloz walipogundua sayari inayozunguka nyota inayofanana na jua, 51 Pegasi, zimethibitishwa sayari za namna hiyo zaidi ya 5,000 nje ya mfumo wa jua letu. Nyingi hugunduliwa kwa kuvizia: sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo sana, kama nzi anayepita mbele ya taa ya barabarani.

Umoja wa kimataifa wa wanafalaki ulizialika nchi zipendekeze majina ya baadhi ya hizo. Mwaka 2019 Kenya ilitoa majina ya Kidholuo: nyota ikaitwa Kalausi, kisulisuli cha upepo, na sayari yake Buru, vumbi. Mwaka 2023 yakakubaliwa majina ya Kimaasai yaliyopendekezwa na Wakenya: nyota Orkaria, udongo mwekundu, na sayari yake Enaiposha, maji makubwa, neno ambalo Naivasha imetokana nalo. Enaiposha iko umbali wa miaka ya nuru 48 hivi, na darubini ya James Webb imekwisha ichunguza. Safari hii jina hatukupewa, tulilitoa wenyewe. Ni hatua. Lakini sayari yenyewe iligunduliwa na wengine mwaka 2009.

Vilevile tarehe 15 Aprili 2023 ilirushwa Taifa-1, satelaiti ya Kenya ya kutazama ardhi, iliyotengenezwa kwa msaada wa kampuni ya Bulgaria. Ilirushwa kutoka California, Marekani. Hebu fikiria: mwaka 1970 Wamarekani walisafiri mpaka Ngomeni kurusha chombo chao, na mwaka 2023 sisi tulisafiri mpaka kwao kurusha chetu. Jukwaa la San Marco halijarusha satelaiti tangu 1988, ingawa kituo cha nchi kavu bado kinawasiliana na satelaiti.

Basi yako majina ya aina tatu. Liko unalopewa kwa shukrani, liko unaloruhusiwa kulitoa, na liko linalobaki kwa sababu ulifanya kazi. Uhuru ni la kwanza, Enaiposha ni la pili. La tatu, la aina ya Deneb, halijapata kutoka kwetu katika zama hizi.

TUFANYE NINI?

Nilipochagua fizikia, ami yangu mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Nyota utakula?" Kila mtu akacheka. Sikuwa na jawabu siku ile. Leo ningemwambia: ami, watu waliotafuta nyota ndio waliotengeneza vipimo vinavyotumika hata viwanja vya ndege kukagua mizigo, na kampuni ile ile iliyotengeneza vifaa vya Uhuru ilitengeneza pia mashine hizo za ukaguzi. Lakini hata bila ya hivyo, babu yangu aliuona mshale ukipanda akakaa na swali karibu miaka 50. Swali nalo ni njaa.

Ninakuomba mambo matatu tu, ndugu msomaji.

Kwanza, kama nyumbani kwenu yuko mzee wa Malindi, Ngomeni, Mambrui au popote aliyeshuhudia mambo ya zamani, muulize Ramadhan hii, na uandike. Usicheke kama nilivyocheka mimi. Mimi jawabu nimelipata, wa kumpelekea hayupo.

Pili, wewe uliye shule, usilikimbie somo la fizikia kwa kuwa wenzako wamesema ni gumu. Na maalim wetu wa madrasa, tunapofundishwa mwandamo na kibla, tufundishwe na falaki kwa vitendo, mtoto azijue nyota kwa majina.

Tatu, mwezi wa Agosti au Septemba, baada ya Isha, mbingu zikiwa safi, toka nje na utazame upande wa kaskazini. Utaiona Deneb, mkia wa kuku. Panda kutoka kwenye mkia, pita kifua, elekea shingoni. Hapo njiani ndipo lilipo lile shimo. Hutaliona, hakuna anayeliona. Lakini mwonyeshe mdogo wako kwa kidole, umwambie kuwa chombo kilicholifuatilia kiliruka kutoka hapa kwetu, na mvuvi mmoja wa Ngomeni alikuwa anatazama.

Akikuuliza walikuwa wanatafuta nini, safari hii mjibu.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Mubarak.